Weupe kwenye fomu, Waarabu kwenye uwanja wa ndege

Majuma machache yaliyopita nilipata barua kutoka kwa kijana mmoja niliyemfunza historia katika shule ya upili huko Pwani. Kijana huyu ni mzaliwa wa Lamu, na sasa anasomea shahada yake ya pili katika jimbo la Michigan, nchini Marekani. Nilipoifungua nilitarajia malalamiko ya theluji na ya chakula kisichotiwa nazi. Badala yake aliniuliza swali. Alikuwa amepewa fomu yenye visanduku, akatakiwa atie alama mbele ya asili yake. Ukoo wa babake ulitoka Hadhramaut vizazi vingi vilivyopita; mamake ni Mbajuni. Pasipoti yake ni ya Kenya, lugha yake ni Kiswahili, dini yake ni Uislamu. "Mwalimu," akaandika, "mbele ya watu hawa mimi ni nani?"

Fomu ile ilikuwa bado inafuata maelezo ya zamani, yasemayo kwamba mtu Mweupe ni yule ambaye asili yake ni Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini. Kwa hivyo kwa upande wa baba kijana wangu alikuwa Mweupe, na kwa upande wa mama alikuwa Mweusi. Dini yake haikuulizwa kabisa. Nilicheka peke yangu barazani nikimwazia akipita katika vichochoro vya Lamu huku watoto wakimwita mzungu. Kisha nikaacha kucheka, kwa maana swali lake ndilo ambalo mataifa makubwa ya Magharibi yamekuwa yakilijibu kwa kubahatisha kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila jibu limekuwa na watu waliolilipia.

Chanzo cha mkorogano huu ni mazoea ya kuyatamka maneno "Waarabu" na "Waislamu" kwa pumzi moja, kana kwamba ni chanda na pete. Sisi waandishi wa magazeti hatuna haki ya kujitoa lawamani. Waarabu waliotangulia kuhamia Marekani kwa wingi, tangu miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, walitoka Mlima Lebanon na Siria iliyokuwa chini ya dola ya Uthmaniya, na wengi wao walikuwa Wakristo. Ralph Nader, wakili aliyewatetea wanunuzi wa magari na baadaye akagombea urais, ni mtoto wa wahamiaji kama hao. Kwa upande mwingine, Waislamu wa Uingereza wengi ni watu ambao asili yao ni Pakistan na Bangladesh. Wa Ujerumani wengi ni Waturuki, waliokaribishwa viwandani kwa mkataba wa 1961. Na nchini Marekani takriban mmoja kati ya kila Waislamu watano ni Mweusi, na wengi wao ni Wamarekani ambao mababu zao walifika huko wakiwa wamefungwa minyororo. Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, mwaka 2006, ni wa kundi hilo la mwisho.

Hebu sasa tuitazame Marekani kwa utulivu, maana huko ndiko mahakama zilikoiweka rangi ya Mwarabu kwenye mizani.

Sheria ya uraia ya 1790 iliwaruhusu wageni weupe walio huru pekee kuandikishwa kuwa raia. Mwaka 1870, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakaongezwa watu wenye asili ya Kiafrika. Yeyote ambaye hakuonekana wazi kuwa upande huu au ule ilimbidi asimame mbele ya jaji na kuithibitisha rangi yake. George Dow, Mkristo kutoka Siria aliyeishi South Carolina, alikataliwa na jaji huko Charleston kwa hoja kwamba Wasiria si watu weupe. Wasiria wenzake wakachanga na kumtetea. Mojawapo ya hoja zilizotolewa kwa ajili yao ilikuwa kwamba wametoka katika ardhi ile ile alikozaliwa Yesu; ikiwa wao si weupe, basi wenye kanisa wajiulize wanamwabudu nani. Mwaka 1915 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba Msiria ni mtu mweupe, na Dow akapata uraia wake.

Lakini mwaka 1942 alikuja mbele ya jaji mjini Detroit mtu aliyeitwa Ahmed Hassan. Huyu alikuwa Myemeni, Mwarabu tena Mwislamu. Jaji aliitaja ngozi yake nyeusi, lakini hakuishia hapo. Alisema pia kwamba Waarabu ni sehemu ya ulimwengu wa Kiislamu, na kwamba ufa mpana unautenga utamaduni wao na ule wa Wakristo wa Ulaya. Akamnyima. Naomba msomaji aitafakari hukumu hiyo: mtu alipimwa rangi kwa kutumia dini yake. Ukristo wa Dow ulikuwa umeuangaza uso wake, na Uislamu wa Hassan ukauzidishia weusi.

Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1944, Mohamed Mohriez, Mwarabu kutoka Bara Arabu lenyewe, aliomba uraia katika jimbo la Massachusetts. Jaji wa huko akakumbuka kwamba Waarabu ndio waliohifadhi elimu ya Wayunani na kuifikisha Ulaya. Akakumbuka vilevile kwamba taifa lake lilikuwa vitani na lilihitaji urafiki wa mataifa mengine. Mohriez akawa mweupe. Jua la Arabuni halikuwa limepunguza ukali wake katika miaka hiyo miwili.

Masharti ya rangi katika uraia yalifutwa mwaka 1952, lakini kisanduku kilibaki. Mwaka 1977 serikali ya Marekani ilipoweka kanuni za kuhesabu watu kwa asili zao, Mwarabu, Mwajemi na Mmisri waliwekwa pamoja na Mwingereza na Mjerumani chini ya neno "Weupe". Mtu anaweza kudhani kwamba hiyo ni heshima. Kwa hakika hata baadhi ya Waarabu wenyewe waliiona hivyo, hasa watoto wa wale waliofika mapema na kujifungulia maduka. Taabu yake ilionekana pale mtu alipotaka kulalamika. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Pennsylvania, mzaliwa wa Irak, alipokataliwa ajira ya kudumu na kudai kwamba amebaguliwa, alijibiwa kwamba yeye ni mweupe na walioamua ni weupe, basi ubaguzi utatoka wapi? Ilibidi kesi yake ifike hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1987 iliamua kwamba sheria ya haki za raia ya 1866 inamlinda mtu anayebaguliwa kwa sababu ya nasaba yake, hata kama leo anaitwa mweupe.

Kisha yakaja mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Siku nne baadaye, katika mji wa Mesa, jimbo la Arizona, mtu mwenye bunduki alimpiga risasi na kumwua Balbir Singh Sodhi, mwenye kituo cha petroli, kwa kuwa alikuwa na ndevu na kilemba. Marehemu alikuwa Singasinga kutoka Punjab. Hakuwa Mwarabu wala Mwislamu. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha utaratibu wa kuwaandikisha wanaume wasio raia waliotoka katika nchi 25, karibu zote zikiwa za Waarabu au zenye Waislamu wengi. Wanaume zaidi ya 80,000 waliokuwa tayari ndani ya Marekani walipiga foleni wakachukuliwa picha na alama za vidole. Hivyo ndivyo mtu alivyoweza kuwa mweupe kwenye fomu ya sensa na kuwa Mwarabu afikapo uwanja wa ndege. Hasara za makundi yote mawili zilikuwa zake, na faida zao hakuziona.

Hasara hizo si za heshima tu. Mji wa Dearborn, karibu na Detroit, ulikuzwa na viwanda vya magari vya Ford vilivyowavuta Walebanoni, Wayemeni, na baadaye Wairaki. Sensa ya 2020, ambayo kwa mara ya kwanza iliwapa waliojiita weupe nafasi ya kuandika asili yao kwa mkono, ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wakazi wake, ambao ni karibu 110,000, wana asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini. Hata hivyo, sheria ya shirikisho inayoamuru karatasi za kura zitafsiriwe kwa lugha za wachache, iliyopitishwa mwaka 1975, iliwataja wasemaji wa Kihispania, Waasia na wenyeji asilia wa Amerika na Alaska, ikawaacha Waarabu nje. Bibi mzee wa Kiyemeni hakuwa na haki ya kusoma karatasi ya kura kwa lugha yake, kwa sababu kisheria hakuwa mtu wa kundi la wachache. Ilibidi baraza la mji wenyewe lijiamulie, mwaka 2022, kuchapisha karatasi hizo kwa Kiarabu.

Madai ya miaka mingi yalizaa matunda mwezi Machi 2024, serikali ilipotangaza kisanduku kipya cha watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Mimi niliifurahia habari hiyo nilipoisoma, lakini furaha yangu ilipungua nilipofika kwenye mifano. Mlebanoni, Mwajemi, Mmisri, Msiria, Mwirak na Mwisraeli wamo. Msomali amewekwa mfano wa Mweusi, ingawa Somalia ni mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1974. Wawakilishi wawili, Ilhan Omar na Rashida Tlaib, walichaguliwa pamoja mwaka 2018, wakawa wanawake wa kwanza wa Kiislamu katika Bunge la Marekani. Omar, aliyeishi miaka minne utotoni katika kambi ya wakimbizi ya Utange hapa Mombasa, ni Mweusi kwa fomu ya zamani na kwa mpya. Tlaib, binti wa Wapalestina, alikuwa Mweupe kwa fomu ya zamani, na kwa mpya ana kisanduku chake. Uislamu wao, ambao ndio uliowafanya watukanwe pamoja, hauna mahali. Sheria ya 1976 inakataza mtu yeyote kulazimishwa kutaja dini yake mbele ya karani wa sensa.

Je, sheria hiyo ni mbaya? Nimelifikiria sana jambo hili na sina jibu rahisi. Mwaka 2004 ilifichuka kwamba idara ya sensa ilikuwa imeiandalia idara ya usalama wa ndani orodha za takwimu zilizoonyesha ni wapi Waarabu wanaishi, hadi kiwango cha eneo la posta. Hayakuwa majina ya watu, na takwimu zenyewe zilikuwa wazi kwa umma. Hata hivyo Waarabu wengi walikumbuka yaliyowapata Wamarekani wa asili ya Kijapani mwaka 1942, sensa ilipotumiwa kuonyesha mitaa ya kukusanya watu. Anayeomba ahesabiwe anampa mwenye nguvu kalamu, na kalamu hiyo inaweza kuandika shule au kituo cha polisi. Hata hivyo mimi nasimama upande wa wanaotaka kuhesabiwa, kwa kuwa polisi hawajawahi kuhitaji kisanduku ili wamjue wanayemtaka. Anayekihitaji ni yule anayekwenda mahakamani au hospitalini.

Uingereza ilijikwaa kwa namna yake. Huko sheria ya 1976 ilikataza ubaguzi wa rangi na kabila, lakini haikutaja dini. Mvulana wa Kisingasinga alipokataliwa na shule moja ya Birmingham kwa sababu ya kilemba chake, majaji wakuu waliamua mwaka 1983 kwamba Masingasinga ni kabila, hivyo wanalindwa. Wayahudi nao walitazamwa vivyo hivyo. Waislamu, kwa kuwa wametoka katika makabila mengi mno, hawakuwa kabila; na msichana wa Kiislamu aliyefukuzwa kazini kwa ajili ya hijabu hakuwa na pa kushika mpaka zilipokuja kanuni za 2003. Dini ya wote ikawafanya wasiwe wa yeyote. Hata hivyo Waingereza wamejitahidi kuhesabu. Swali la dini liliingizwa katika sensa ya 2001, na kisanduku cha Waarabu mwaka 2011. Matokeo ya 2021 kwa England na Wales yanafaa kubandikwa ukutani katika kila darasa la jiografia: Waislamu walikuwa milioni 3.9, na waliojitambulisha kuwa Waarabu walikuwa takriban 332,000. Hata tukidhani kwamba kila Mwarabu huyo ni Mwislamu, hawafiki mmoja kati ya kumi.

Ufaransa haitaki kuhesabu kabisa. Sheria ya 1978 inazuia ukusanyaji wa habari za kabila na dini za watu, na mwaka 2007 Baraza la Katiba likaitupa nje ibara iliyotaka kulegeza kamba hiyo. Raia ni raia, wasema Wafaransa, na rangi yake haimhusu mtu. Ni kauli nzuri, ningependa kuiamini. Lakini mwaka 2023 Waziri wa Elimu wa nchi hiyo alipiga marufuku wasichana kuingia shuleni wakiwa wamevaa abaya. Chama kinachowakilisha Waislamu kikasema abaya si vazi la dini; serikali ikasema ni la dini, na Baraza la Dola likaiunga mkono. Basi nchi isiyojua rasmi ni nani Mwarabu na ni nani Mwislamu ililazimika kukaa na kuamua kama gauni refu ni la Kiarabu au la Kiislamu, nao walimu wakasimama langoni kulipima kwa macho. Hapo ndipo niliposhukuru kwamba nimestaafu.

Wala tusiwacheke wenzetu. Wakati wa ukoloni wazee wa Thenashara Taifa wa Mombasa walipigania kwa miaka mingi wasiitwe wenyeji katika sheria za Waingereza, kwa kuwa neno hilo ndilo lililoamua kodi, shule na kura. Mwaka 1989 serikali ya Kenya huru iliwapanga foleni raia wake Wasomali na kuwataka wathibitishe kwamba ni raia. Mwaka 2014 maelfu walizolewa Eastleigh wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Sensa yetu ya 2019 iliwahesabu Waislamu milioni 5.1, miongoni mwao Wasomali, Wadigo, Waborana, Waswahili na Wawanga. Hata hivyo mimi mwenyewe, mwalimu wa historia, niliwahi kumwuliza mwanafunzi mwenye jina la Kiislamu kama kwao ni Mombasa au Garissa. Alinitazama akasema kwao ni Mumias. Darasa lilicheka, na haki yao.

Kijana wangu wa Lamu si peke yake katika mashaka haya. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala mwenye asili ya Kihindi, alichaguliwa Novemba 2025 kuwa meya wa kwanza Mwislamu wa jiji la New York. Miezi michache kabla ya hapo gazeti moja kubwa la jiji hilo lilifichua kwamba mwaka 2009, alipoomba nafasi katika chuo kikuu, alitia alama mbili: Mwasia, na Mweusi au Mmarekani mwenye asili ya Afrika. Wapinzani wake wakasema amedanganya. Yeye akasema visanduku vile havikumtosha, ndiyo maana penye nafasi ya maelezo aliandika kwamba ni Mganda. Ningependa kumwuliza kila aliyekasirika: Mhindi Mwislamu wa Kampala, ambaye ukoo wake uliwahi kufukuzwa Uganda na Idi Amin kwa kuwa si Waafrika, angetia alama wapi?

Nilichelewa kumjibu kijana. Nilipomwandikia nilimshauri atie alama mbili, maana kanuni za huko zinamruhusu mtu kufanya hivyo tangu 1997. Akanijibu kwamba fomu alikuwa amekwisha kuirudisha. Alikuwa ametia alama moja, ya Mweusi, na kwenye mstari wa maelezo akaandika "Mswahili". Karani alilisoma neno hilo mara mbili, kisha akamwuliza kwa adabu kama hilo ni kabila la Kiarabu.